Pepo Aliyedai Chekeche

Mimi sipendi kuambiwa. Hilo mtaa wetu wote unalijua, hata mbuzi wa jirani yangu Tirunesh wanalijua. Wakisikia nafungua mlango wanahama wenyewe. Kwa hiyo siku ile Sista Hirut wa kituo cha afya aliponitazama juu ya miwani yake na kuniuliza, "Bi Yeshi, kwa siku unakunywa vikombe vingapi vya kahawa?" nilimjibu kwa swali.

"Wewe kwa siku unavuta pumzi ngapi?"

Hakucheka. Wasichana wa siku hizi wamesoma mpaka wamesahau kucheka.

"Hesabu tu, mama."

Basi nikahesabu. Asubuhi kwangu vitatu: abol cha kwanza, tona cha pili, na baraka cha tatu, maana anayeinuka kabla ya kikombe cha tatu ameiacha baraka yake kwenye sinia. Mchana kwa Tirunesh vitatu. Jioni kwa Bafena vitatu.

"Tisa," nikasema. "Jumapili sihesabu, kuna wageni."

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Ya kunywa, mama."

"Kwani hiyo kahawa tunaipika na nini, mafuta ya taa?"

Akainuka, akanibinya shingo kwa vidole viwili. Nilipiga ukelele mpaka mgonjwa wa nje akachungulia. Mimi kazi yangu ni kudarizi misalaba kwenye magauni meupe, nainama tangu jua linachomoza, na shingo yangu ilikuwa imekakamaa kama gogo. Kichwa nacho, tangu baada ya sikukuu ya Msalaba, kila siku saa tisa kilikuwa kinakazwa kama mtu anakifunga kamba na kuvuta ncha zote mbili. Mwezi wa tatu huo. Nilikuwa nimeanza kushona misalaba iliyoegemea upande, na bibi harusi mmoja alikuwa amenirudishia gauni.

"Punguza kahawa," akasema Sista Hirut. "Kidogo kidogo. Ukikata ghafla kichwa kitakulipiza kisasi. Ubaki na kikombe kimoja, cha asubuhi. Maji unywe glasi nane. Na kila nusu saa inua uso kwenye sindano, unyooshe shingo."

Nikamshukuru kwa midomo, nikafungua mwavuli kujikinga na jua, nikaondoka. Mwavuli wenyewe ni wa Bafena. Ulikuja kwangu mvua za mwaka juzi, ukapapenda.

Njiani nikawaza. Kikombe kimoja! Anayesema hivyo hajui mtaa wetu. Kwetu wakisema fulani na fulani hawanywi kahawa pamoja, hawazungumzii kahawa. Wanamaanisha wamegombana, na wazee waanze kutafuta viatu vyao waende kusuluhisha. Kichwa kikikuuma dawa ni kahawa. Kisipouma, kahawa ya kukizuia kisiume. Nitaanzaje kumwambia Bafena?

Bafena si jirani tu. Tuna ukuta mmoja na bomba moja, na ananizidi miaka mitano, ndiyo maana namwita dada ninapotaka kitu. Mume wangu Getaneh alipofariki, ni yeye aliyewapikia waombolezaji kahawa siku arobaini, na ni yeye aliyenishikia kikombe mdomoni kwa kuwa mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Kikombe cha mtu kama huyo unakirudishaje? Bora nife na kichwa changu.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, na hili nalisema kwa aibu. Tangu sikukuu ya Msalaba kahawa ya Bafena ilikuwa imebadilika. Alianza kutia karafuu na mdalasini, ikawa nzito, ina harufu ya sherehe. Tirunesh, ambaye mdomo wake haujui pazia, alisema mbele yangu, "Kahawa ya Bafena siku hizi haina mpinzani." Iliniuma. Kuanzia kesho yake nikawa natia buni mara mbili kwenye birika langu. Tirunesh akinywa anakunja uso, lakini anamaliza. Bafena alikuwa anamaliza upesi kuliko wote, kikombe kitupu kabla sijageuka, nami nikajisifu moyoni. Kitu pekee kilichonisikitisha ni mrehani wangu, ule wa kwenye kopo kando ya kigoda anachokalia yeye. Ulinyauka ukafa. Nikasema ni baridi, kwetu Debre Birhan alfajiri ya Desemba hata mabomba yanalia.

Jioni nikaenda kwa Bafena sijui nitasema nini. Alikaanga buni mbele yetu, mimi na Tirunesh, akatuzungushia kikaango tuvute ule moshi, akaenda jikoni kutwanga, akarudi akainjika birika juu ya mkaa. Alipomimina, kikombe cha kwanza akaninyooshea mimi.

"Siwezi," nikasema.

Tirunesh aliacha kutafuna bisi. Mkono wa Bafena ukabaki hewani.

"Huwezi nini?"

Haki ya Mungu mdomo wangu ulijiendea wenyewe. "Nimeanza maji ya baraka. Ya Malaika Mikaeli. Siku kumi na nne."

Nyuso zikafunguka! Aliye kwenye maji ya baraka hashurutishwi, anakunywa yale maji tu na kuacha kahawa, na anayemlazimisha ndiye mwenye dhambi. Bafena akakirudisha kikombe, akanibusu begani.

"Umefanya vizuri, mdogo wangu. Kichwa hicho hakikuwa cha kawaida."

Niliporudi nyumbani nikajaza kidumu cha njano kwenye bomba la uani, nikakiweka chini ya picha ya Mikaeli. Yeye akaendelea kuangalia pembeni.

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kidogo kidogo, kahawa nikaikata siku ileile, yote.

Sista Hirut alikuwa amesema kweli. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, kichwa kilinishika nikaona nyota mchana kweupe. Alosto ya kahawa si mchezo. Nililala ubavu, mtandio nimeukaza kwenye paji la uso, nagugumia, na ndivyo Bafena alivyonikuta. Nilitegemea pole. Yeye akapiga vigelegele.

"Anaungua! Yeshi, anaungua! Maji yamemfikia!"

"Nani anaungua?"

"Pepo! Kumbe alikuwa humo kichwani muda wote, na sisi tunamnywesha kahawa!"

Akapanda kitandani kwa magoti, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kuhoji kwa sauti nene. "Wewe ni nani? Umeingia lini? Nani amekutuma? Sema!"

Jamani! Kichwa kinapasuka, na mtu anakitikisa kama kibuyu cha mtindi. Hasira zikanipanda. Nikafungua macho nimtukane, na macho yenyewe yakaangukia msumari mtupu ukutani. Ule ni msumari wa chekeche langu la unga, lenye ukingo nilioudarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu. Bafena aliliazima Pasaka. Nilikuwa nimelidai kwa maneno matamu mara nne, na mara zote nne aliniambia, "Hivi lile ni lako?"

Nikageuza macho yakabaki meupe. Nikavuta sauti kutoka tumboni.

"Chekecheee..."

Bafena aliruka nusu ya kitanda. "Amesema! Toba, amesema! Amesema nini?"

"Chekeche. La ukingo mwekundu. Lirudishwe... ndipo nitoke."

"Lirudishwe kwa nani, ewe mchafu?"

"Kwa mwenyewe. Na lioshwe."

Nikaanguka kwenye mto, nikauma shuka nisicheke, na nakuapia kwa nusu saa kichwa hakikuniuma hata kidogo. Kesho yake asubuhi chekeche lilikuwa kwenye msumari wake, linanukia sabuni.

Siku ya nne maumivu yakapungua. Siku ya sita nikaamka kichwa chepesi, nikakaa kitandani nakisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango. Kimya. Glasi nane zangu nilikuwa nazinywa zote, choo nakijua kuliko jikoni, na kila nusu saa nilikuwa nanyoosha shingo huku na huku mpaka jogoo akaanza kuniogopa. Misalaba ikanyooka. Bibi harusi akachukua gauni lake, akanibusu mkono.

Kama ningejua kunyamaza, hadithi ingeishia hapo. Lakini Tirunesh akauliza dawa ni nini hasa, mimi nikaringa kidogo, na jioni akaja na chupa kuomba ya goti lake. Nikampa. Ningefanyaje? Siku ya tisa Tirunesh aliteremka kilima cha sokoni anakimbiza mbuzi, na goti lake lile lile lililokuwa haliinuki kanisani. Siku ya kumi walikuja watu watatu na vyombo. Siku ya kumi na moja alikuja mzee na punda wake, na maji aliyoyaomba hayakuwa yake, yalikuwa ya punda.

Hapo ndipo moyo ulipoingia baridi. Watu wanapiga ishara ya msalaba mbele ya maji ya bomba, na wanalibusu dumu langu la mafuta ya kupikia! Sikuogopa watu, watu nawaweza. Niliogopa Bafena. Maana ni yeye aliyekuwa akiwapanga kwenye mstari, akiwaeleza habari za pepo na chekeche, macho yanameremeta. Siku atakapojua nilimfanya mwanasesere mbele ya mtaa mzima, hatanipigia kelele. Ataniitikia salamu tu, kwa adabu, na jioni hatanibishia ukuta kuniita kwenye kahawa. Miaka ishirini na miwili ananibishia ukuta jioni. Kwangu hakuna mtu mwingine wa kunibishia.

Siku ya kumi na mbili nikalibeba lile dumu mgongoni, nikaenda kwa Abba Tekle, baba yangu wa kiroho. Nilimkuta ameketi nje ya uzio wa kanisa, na birika lake la kahawa karibu.

"Kaa, mwanangu. Kahawa?"

"Abba, usiniongezee matatizo."

"Unakosa. Buni nzuri hizi. Kuna mcha Mungu mmoja wa mtaa wenu hutuletea kila siku ya Mikaeli, zimekwisha kukaangwa kabisa, kazi yetu kutwanga tu."

Sikuwa na muda wa buni za watu. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: Sista Hirut, bomba, goti, punda. Nilipofika kwenye chekeche, Abba Tekle akafunika uso kwa shali yake. Nikadhani analia kwa ajili ya roho yangu. Msalaba wa mkononi ulikuwa unamtikisika.

"Abba, unacheka?"

"Nasali," akasema, akafuta macho. Kisha akawa baba kweli. "Umesema uongo kwa jina la Mikaeli. Utasujudu mara arobaini, siku saba. Dumu liweke hapa." Akalisomea sala ndefu, akapulizia, akapiga msalaba. "Haya. Sasa walau kuanzia leo humpi mtu maji ya bomba. Anayekuja mwambie ayafuate hapa kanisani. Bado moja, nalo ndilo zito. Siku ya kumi na nne uende kwa Bafena umwambie ukweli. Na kabla ya kumwambia unywe vikombe vyake vyote vitatu."

"Abba! Kichwa changu!"

"Havitakudhuru."

"Umekuwa daktari?"

"Mwanangu," akasema, huku anajimiminia nyingine, "wewe kunywa."

Nilirudi nimenuna. Kichwa si chake, anakigawa tu.

Siku ya kumi na nne nilikwenda kwa Bafena peke yangu. Tirunesh alikuwa harusini. Bafena alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni na ubani unafuka, kumpokea aliyemaliza maji yake. Kuona vile nikatamani nirudi mlangoni. Alikaanga, akanipa moshi, nikauvuta mpaka machozi yakanitoka, maana nilikuwa nimeukumbuka, jamani, msinihukumu. Akaenda kutwanga. Akarudi, akamimina.

Nikanywa abol. Nikanywa tona. Tuliongelea mbuzi, tukaongelea baridi. Nilikuwa nangojea kamba ikazwe kichwani, haikukazwa. Akanipa cha baraka. Nikakimaliza, nikakiweka chini, nikaukodolea macho mkaa.

"Dada Bafena. Yale maji yalikuwa ya bomba."

Akaendelea kupepea moto.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Bomba letu moja, Yeshi. Linatoa maji Jumanne na Ijumaa. Na dumu lako lilikuwa linajaa Jumanne na Ijumaa. Mikaeli naye siku hizi anafuata ratiba ya watu wa maji?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Na yule... pepo?"

"Pepo gani anajali chekeche liwe limeoshwa?" Akanigeukia, mikono kiunoni. "Nimesikia mapepo mengi kwenye maisha yangu. Wanadai damu, wanadai kondoo, wanadai manukato. Hakuna aliyewahi kudai vyombo vya jikoni!"

"Sasa kwa nini ulilirudisha?"

"Kwani halikuwa lako?"

Nikaanza kulia. Sijui ilitoka wapi, mimi si mtu wa kulia. Nikamwambia niliogopa kukataa kikombe chake, yeye aliyenishikia kikombe siku za Getaneh. Nikamwambia Sista Hirut alisema kimoja tu kwa siku. Nikamwomba msamaha miguuni pake, na nilikuwa nainama kweli aliponidaka bega.

"Inuka, unaniongezea dhambi. Ngoja."

Akaingia jikoni. Akarudi na debe, akalifunua mbele yangu. Nikachungulia. Ilikuwa shayiri. Shayiri iliyokaangwa ikaungua vizuri, nyeusi, na kando yake kifurushi cha karafuu na mdalasini.

"Hii ni nini?"

"Kahawa yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Tangu sikukuu ya Msalaba. Moyo ulikuwa unanidunda usiku, nikaenda kwa huyo huyo Sista Hirut wako. Mbele yenu nakaanga buni. Jikoni nazificha, natwanga shayiri. Mnasikia kishindo, mnameza mate."

"Na buni?"

"Napeleka kanisani, kwa Abba Tekle."

Yule mzee! "Havitakudhuru"! Nikakumbuka shali usoni na msalaba unaotikisika. Halafu nikakumbuka jambo jingine, machozi yakakauka papo hapo.

"Bafena. Tangu Msalaba?"

"Ndiyo."

"Mimi tangu Msalaba natia buni mara mbili ili nishinde kahawa yako! Kichwa kimeniuma miezi mitatu, nimeharibu gauni la watu, kumbe nashindana na shayiri?"

Aliuma mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Na kwangu je? Ulikuwa unainywa ile kahawa yangu?"

Akaangalia dirishani. "Ule mrehani wako," akasema, "Mungu aulaze mahali pema."

Nilimrushia bisi za sinia zote. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka kwa hasira, na hasira yenyewe ikaishia njiani. Tulipotulia nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Miezi mitatu! Mimi, wa ukuta mmoja!

Alikuwa anaokota bisi moja moja kwenye majani.

"Wanangu wako mbali," akasema. "Nikisema sinywi kahawa, nyinyi mtakuja kufanya nini hapa jioni? Nilipoona umeanza mambo ya dumu nikajua yamekukuta yaliyonikuta. Nikawa nangoja useme wewe kwanza, ili na mimi nipate kusema."

Nikachukua birika, nikammiminia shayiri yake, nikaongeza na yangu, nikaleta na jagi la maji. Tukakubaliana: asubuhi kwangu kikombe kimoja cha kweli, mimi tu, jioni kwake shayiri, na buni zikaangwe kama kawaida, moshi utoke, mtaa usipate la kusema. Goti la Tirunesh tusiliguse. Linatembea, tuliache litembee.

Nikainuka kwenda zangu. Nilipofika mlangoni nikasikia mguno nyuma yangu. Nikageuka. Bafena alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimelegea, macho meupe, na sauti ikamtoka tumboni, nzito, ya kutisha kuliko ile yangu.

"Mwavuliii..."